Mama Mukubwa, mtoto ameniuliza kama kusema ni dhambi

Mama Mukubwa, jambo.

Nakuandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi, na naomba jina langu lisitokee. Nina miaka 34, na huu ni mwaka wa sita mimi ni monitrisi wa ekodim, yaani mwalimu wa shule ya Jumapili, katika kanisa letu. Kila Jumapili nakuwa na watoto zaidi ya arobaini kwenye mabenchi manne. Tunaimba, tunachora, na wakitoka nawagawia biskuti. Kazi hiyo naipenda kuliko ile inayonilisha.

Tuna kiongozi wa vijana, ana miaka 28. Watoto wote wanamwita Yaya, yaani kaka mkubwa. Yeye ndiye anafundisha ngoma na gitaa, ndiye anakodi basi la ritiri, ndiye anawakokota wavivu waje kwenye usafi wa Jumamosi. Ni mtoto wa dada ya pasta wetu. Miaka miwili iliyopita, komite ilipouliza nani apewe vijana, mkono wa kwanza kunyoshwa ulikuwa wangu. Hilo linaninyima usingizi.

Tangu Pasaka ameshikamana na mtoto mmoja wa kiume wa miaka 12. Mama yake ni mjane, anauza makala, makaa ya kupikia, sokoni. Yaya alianza na viatu, akalipa minervale, karo ya shule, ya trimestri, mwishowe akaleta simu ya kugusa, eti mtoto asikilize midundo. Siku ya ushuhuda mama alisimama mbele ya kanisa akalia kwa furaha, na sisi wote tukapiga makofi. Sasa mazoezi ya ngoma wanafanya wawili tu, katika depo ya vyombo nyuma ya madhabahu. Chumba hicho hakina dirisha. Mlangoni kuna pazia la kitenge, na siku hizi kuna komeo kwa ndani. Mkesha ukiisha Yaya anamwambia mama, "Usiku ni mubaya, njia haina taa, atalala kwangu."

Mtoto amebadilika. Kwenye ritiri ya likizo alikojoa kitandani. Yeye ndiye alikuwa anachekesha wenzake, sasa anakaa kwenye benchi la karibu na mlango. Simu ikilia anashtuka, anaigeuza uso chini. Mama mmoja wa kikundi cha maombi amesema mtoto ana roho chafu, apelekwe delivransi na afungishwe siku tatu bila kula.

Jana Jumapili alibaki nyuma tukikusanya penseli. Aliniuliza bila kuniangalia: "Mama monitrisi, kama mukubwa anasema kintu ni siri ya Mungu, kukisema njo zambi?" Nikamwuliza siri gani. Akasema alikuwa anauliza tu, akakimbia. Mkesha wa mwisho ulikuwa Ijumaa, na alilala kwa Yaya.

Jioni nilienda kwa pasta. Hakunikasirikia. Alinishika mikono, akaomba, halafu akasema shetani anapenda kupiga vijana wanaofanya kazi. Akanisomea "Msiwaguse masihi wangu", akaniuliza kama nina mashahidi wawili. Jumatano anataka kuita wazee, mtoto, mama yake na Yaya wakae pamoja, jambo liishe ndani ya nyumba ya Bwana.

Mimi sikuona kitu kwa macho yangu. Kama nimekosea, nimeua jina la mtu. Kama sikukosea, sijui hata niseme nini. Nifanye nini?

Monitrisi

JIBU

Binti yangu,

Wasomaji wajue kwamba barua hii haikungoja zamu yake. Iliingia kwenye simu yangu Jumatatu saa sita mchana, na kabla sijamaliza kuisoma nilikuwa nahesabu kwa vidole. Mkesha wa Ijumaa, tuseme saa nane za usiku kuamkia Jumamosi. Ukiongeza saa 72 unafika Jumatatu hiyo hiyo usiku. Nilikupigia mara moja. Ninayoandika hapa ni yale tuliyosema siku ile na siku zilizofuata. Mama wa mtoto amekubali yachapwe, na nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike.

Kwa nini saa 72? Nilikuwa muuguzi miaka 27, na hiyo ni hesabu ambayo ningependa kila mama wa kanisa aijue kama anavyojua Baba Yetu. Mtu aliyebakwa, mvulana au msichana, akifika hospitali ndani ya saa 72 anaweza kupewa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI visishike mwilini. Dawa hizo zinanywewa siku 28, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Saa zikipita bado unaenda. Kuna kuangalia majeraha, kuna magonjwa mengine ya zinaa yanayotibika, kuna chanjo ya homa ya ini aina ya B, kuna mtu wa kuzungumza na mtoto kwa utaratibu. Matibabu hayangoji polisi. Nguo alizovaa usiku ule zisifuliwe. Zifungwe kwenye karatasi au kitambaa kikavu, zisiwekwe kwenye mfuko wa plastiki maana zinaoza humo. Hatukujua kama mtoto alibakwa, na hata sasa si kazi ya safu hii kusema. Daktari ndiye anauliza na kupima. Sisi tulichokuwa nacho ni saa.

Ulinijibu kwa sauti ndogo, "Lakini Mama, sina ushahidi." Nani alikuomba ushahidi? Kuchunguza kuna watu wake wanaolipwa kwa kazi hiyo. Wewe ulichonacho ni sentensi moja ya mtoto, na ni mali kubwa kuliko unavyofikiri. Iandike kwenye daftari kama ilivyotoka kinywani mwake, na "njo zambi" yake, usiinyoshe iwe Kiswahili cha kitabu. Weka siku, saa, mahali, na nani alikuwa karibu. Andika pia uliyoyaona wewe: komeo, pazia, simu, viatu. Yale uliyoambiwa na wengine yapewe ukurasa wake.

Na mtoto usimhoji. Najua hamu inavyokuwa, unataka kumshika mabega umwulize, "Alikugusa? Hapa? Mara ngapi?" Maswali ya namna hiyo yanamwekea mtoto maneno mdomoni, na siku ya mahakama wakili wa upande wa pili atayatafuta hayo hayo. Akirudi kwako, mpe nafasi. Mwambie, "Ulivyoniuliza Jumapili, jibu ni hapana, kusema si dhambi. Mungu hana siri ya kumwumiza mtoto." Mwambie hajakosea. Akikuomba usimwambie mtu yeyote, usimwahidi. Sema, "Nitawaambia wale tu wanaoweza kukulinda, na nitakuambia ni nani." Mtoto aliyefungwa na siri ya mtu mkubwa hahitaji mtu mkubwa wa pili mwenye siri.

Sasa niseme juu ya dalili, maana najua walimu wengine wa ekodim wanasoma wakitafuta orodha. Kukojoa kitandani ukiwa na miaka 12 kunaweza kuwa ugonjwa wa mkojo, kunaweza kuwa huzuni ya kufiwa na baba. Kukaa kimya ni umri. Zawadi ni wema, na kanisa lisilo na watu wa kutoa zawadi ni kanisa gani? Dalili moja moja haisemi kitu. Angalia njia inakoelekea. Viatu vilimfungua mama. Minervale ilimfunga mdomo kwa shukrani. Simu ikamfikia mtoto bila kupitia kwa mama, komeo likaondoa macho ya watu, "siri ya Mungu" ikamfunga mtoto mwenyewe. Mtu wa namna hii, akiwa ni huyo, anaposa watu wazima kwanza, na mtoto anakuja mwisho. Ndiyo maana unajilaumu kwa mkono uliounyosha katika komite, na mama anajilaumu kwa machozi ya ushuhuda. Mlivutwa pamoja, kanisa zima. Ile makofi mliyopiga ilikuwa sehemu ya kazi yake.

Na msiniambie "lakini ni mvulana". Wavulana wanaumizwa, na wananyamaza zaidi kwa sababu tumewaambia mwanaume halii. Zamani sheria yetu ya adhabu iliona ubakaji kama jambo linalompata mwanamke tu. Tangu sheria ya Julai 2006 inawahusu wote, wa kiume na wa kike.

Yule mama wa maombi mwenye delivransi, mzuie leo. Mtoto anayeumizwa anabadilika tabia, halafu tunamwadhibu kwa kubadilika: anafungishwa njaa, anapigwa, anaitwa mulozi, na anayemwumiza anasimama pembeni akisema "amina". Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inaweka kumdhulumu mtoto kingono na kumsingizia mtoto uchawi katika sentensi moja, yote yamekatazwa. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inampa anayemsingizia mtoto uchawi kifungo cha mwaka 1 hadi 3. Mwambie huyo mama kwa heshima, yeye pia hajui anachokibeba.

Tufike kwa pasta. Sitaki kumfanya shetani. Mtu ameletewa neno juu ya mtoto wa dada yake na moyo umemkimbilia damu yake. Lakini kikao cha Jumatano kisifanyike, na kama kinafanyika, mtoto asiwepo. Mfikirie mtoto wa miaka 12 ameketi kwenye kiti cha plastiki, wazee saba wamevaa makoti, na yule anayemwogopa yuko mbele yake mwenye Biblia mkononi. Anaulizwa, "Sema ukweli mbele za Mungu." Atasema hakuna kitu. Wataomba, watakumbatiana, na kuanzia Alhamisi yule mtu atajua kwamba mtoto huyu hata akiitwa mbele ya kanisa hasemi.

Na aya yake. Zaburi 105 haikuandikwa kwa ajili ya kulinda viongozi. Isomeni kuanzia mstari wa 12: watu wachache, wageni, wanatangatanga toka taifa hadi taifa, na Mungu anawakemea wafalme kwa ajili yao. "Msiwaguse masihi wangu" inaambiwa wenye nguvu juu ya wanyonge. Katika depo ile mnyonge ni nani? Mashahidi wawili wa Timotheo, sawa, ni utaratibu wa kanisa kumhukumu mzee wake, na mstari unaofuata unasema wanaodumu katika dhambi wakemewe mbele ya wote. Haukuwahi kuwa utaratibu wa kumzuia mama asiende hospitali. Uovu huu unachagua mahali pasipo na shahidi wa pili, ndiyo maana ya komeo.

Tena kesi hii haiishi kwa mapatano. Katika makosa ya kingono sheria imeondoa hata ile faini ya kumaliza kesi kabla haijafika mahakamani. Mbuzi, mifuko ya unga, bahasha kwa familia, karatasi iliyosainiwa mbele ya wazee, vyote hivyo havifuti kitu. Kumbaka mtoto, yaani yeyote ambaye hajatimiza miaka 18, ni kifungo cha miaka 7 hadi 20, na kiwango cha chini kinaongezwa mara mbili aliyefanya akiwa na mamlaka juu ya mtoto. Wahudumu wa dini waliotumia vibaya nafasi yao wametajwa kwa maneno. Mwonyeshe pasta wako kifungu hicho bila kupaza sauti. Naamini kitamsaidia kufikiri.

Mpeleke neno wapi? Kwanza kwa mama, ana kwa ana, nyumbani kwake, si sokoni katikati ya magunia. Ulienda Jumatatu hiyo hiyo saa tisa, na ulinisimulia alivyokaa akisugua vidole vyake vyeusi vya makala kwenye kitenge, akisema tu, "Njo alinilipia minervale. Njo alinilipia minervale." Ulifanya vizuri kunyamaza naye. Halafu mkaenda hospitali watu watatu, na njiani mtoto hakuulizwa chochote. Kutoka hapo ni kitengo cha polisi kinachoshughulikia watoto na ukatili wa kingono, au moja kwa moja parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Ofisa ndiye anaandika karatasi ya kumwomba daktari ripoti. Ombeni nakala ya kila karatasi. Ofisi ya mambo ya jamii, DIVAS, inaweza kumpa mtoto msaidizi wa kijamii wa kukaa naye wakati wa kuhojiwa. Simu ya mtoto aishike mama, isifutwe chochote, na mtu yeyote asimjibu Yaya akijifanya mtoto. Na Yaya mwenyewe msimwendee. Ukimwuliza leo, kesho simu imevunjika na komeo limeng'olewa.

Watakuambia mtu mwenye ukoo hashikwi. Desemba 2017, karibu na Bukavu, mahakama ya kijeshi ilimhukumu mbunge wa jimbo pamoja na wenzake kifungo cha maisha katika kesi ya kubakwa kwa watoto wa kike wa Kavumu. Ilichukua miaka, na wazazi waliumia sana wakingoja. Sikuahidi haraka. Nakuambia tu kwamba imewahi kutokea hapa hapa kwetu.

Nilikuambia kwenye simu jambo ambalo sijawahi kuliandika, niliandike. Nilikuwa bado kijana, naimba kwaya, na msichana mmoja wa sauti ya kwanza aliniambia hataki kwenda tena kwa mwalimu wetu kuchukua karatasi za nyimbo. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Tu." Nikamwambia aache uvivu, na nikampa mwavuli wangu maana mvua ilikuwa inanyesha. Aliporudi alinirudishia mwavuli bila neno, umekunjwa vizuri. Leo ni mama wa watoto, tunasalimiana. Hatujawahi kuzungumza juu ya siku ile. Wewe umesikia "nilikuwa nauliza tu" na umesimama. Kuna waliokuwa wakubwa kuliko wewe na hawakusimama.

Swali lako la jina la mtu nimeliacha mwisho, ingawa ni la haki. Kama Yaya hana kosa? Kupeleka wasiwasi kwa nia njema mahali panapostahili si kuchafua jina. Kuchafua jina ni kulitembeza kwenye kwaya na kwenye kundi la WhatsApp la akina mama, na hilo usilifanye, hata ukichokozwa. Aondolewe kwa watoto uchunguzi ukiendelea, bila kutangaziwa hukumu. Asiye na kosa atarudi, na kanisa lenye utaratibu mzuri lingemlinda yeye pia asijikute peke yake na mtoto nyuma ya pazia.

Utaratibu huo, muuanze bila kungoja kesi. Mtu mzima mmoja asikae na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, awe pasta, awe mke wa pasta, awe mimi. Komeo la ndani litoke baada ya polisi kuona chumba. Baada ya mkesha kila mtoto aondoke na mtu aliyeandikwa na mzazi kwenye daftari, na asiye na mtu alale kanisani kwenye mikeka pamoja na wengine, akina mama wawili macho, taa ya sola ikiwaka. Kwenye ritiri wakubwa hawalali godoro moja na watoto. Zawadi ipitie kwa mzazi na komite ijue. Ujumbe wa simu uende kwenye kundi ambamo wazazi wamo. Anayetoka kanisa lingine akitaka kufundisha watoto, mpigieni pasta wake wa zamani, muulize wazi wazi kwa nini aliondoka. Nasi tunaokaa kwenye komite tujue kwamba upako wa gitaa si cheti. Watoto wenyewe wafundishwe kwa maneno ya kawaida, wakati ule ule wa biskuti: mwili wako ni wako, siri inayokuumiza tumbo unaisema, na kama mkubwa wa kwanza hasikii unaenda kwa wa pili.

Pasta akikataa yote, nenda kwa wakubwa wake wa kanisa kwa barua yenye tarehe, ubaki na nakala. Unaweza kupoteza ekodim yako. Nimekuambia hivyo na ulilia. Na mama anaweza kukosa wa kulipa minervale, kwa hiyo kabla hujaandika barua kwa mtu yeyote, kaeni akina mama wanne au watano mnaoaminiana mgawane trimestri ijayo. Deni hilo likibaki kwa Yaya, mama hatakuwa na mdomo.

Jana umeniandikia kwamba mtoto ameuliza kitu kimoja tu tangu mtoke hospitali: nani atapiga ngoma Jumapili. Mwambie ngoma zimetolewa depo, zimewekwa mbele, karibu na mabenchi ya akina mama, na mwalimu atatafutwa mwingine. Akitaka kuja apige, akitaka abaki nyumbani. Wewe mwekee vijiti vyake.

Mama Mukubwa